Ramani Ikikataa Kufunguka kwenye Simu: Sababu Zake na Njia za Kuitatua

Taarifa nyingi anazohitaji mfugaji, mkulima au mfanyabiashara wa Isiolo siku hizi hutolewa kwa mchoro. Kuna ramani ya mipaka ya wadi, ramani ya visima na mabwawa, chati ya bei ya mbuzi sokoni, na ramani ya rangi inayoonyesha hali ya mimea mwezi baada ya mwezi. Kwenye kompyuta ya ofisini mchoro huo hutokea vizuri. Kwenye simu ya mwananchi aliyeko Sericho au Oldonyiro, mahali pa ramani huenda pakabaki peupe, au pakatokea kisanduku kidogo kisicho na kitu ndani. Mwenye simu hudhani bando limeisha au mtandao umepotea, kumbe wakati mwingine maneno yote ya ukurasa yamefika na ni ramani tu iliyokosekana.

Makala haya yanaeleza kwa nini jambo hili hutokea, mbinu ambazo zimetumika kulitatua, na hatua ambazo mwananchi na ofisi ya umma wanaweza kuchukua. Kaunti ya Isiolo ina wadi 10 na ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 25,000. Si kila mtu anaweza kusafiri hadi mjini kutazama ramani iliyobandikwa ukutani, kwa hiyo inafaa imfikie kwenye simu aliyo nayo.

Aina mbili za michoro

Kompyuta huhifadhi mchoro kwa njia mbili. Ya kwanza inafanana na kazi ya ushanga. Mshonaji hupanga punje moja moja, kila punje na rangi yake, na mtu akitazama kwa mbali huona umbo. Picha ya kamera iko hivyo. Ni nukta zilizopangwa safu kwa safu. Picha yenye upana wa nukta 1,000 na kimo cha nukta 800 ina nukta 800,000. Ukiikuza sana, nukta huanza kuonekana na majina ya vijiji huwa ukungu. Faili za JPEG na PNG ni za aina hii.

Njia ya pili inafanana na kumwelekeza mgeni. Humchorei kila jiwe la barabarani. Unamwambia atoke Isiolo mjini, apite Kulamawe, aendelee hadi njia panda ya Garbatulla, kisha akate kona. Mchoro wa namna hii huitwa mchoro wa vekta. Ndani ya faili yake hakuna picha, bali maagizo: weka kalamu hapa, vuta mstari hadi pale, funga umbo, lipake rangi ya kijani, andika jina katikati. Kila simu inapofungua faili hiyo, huchora upya kulingana na ukubwa wa skrini yake. Ndiyo maana mchoro wa vekta haupotezi ubora hata ukikuzwa mara kumi.

Kwenye tovuti, aina ya vekta inayotumika zaidi inaitwa SVG. Shirika la W3C, linalosimamia viwango vya wavuti duniani, liliipitisha rasmi mwezi Septemba 2001. Faili ya SVG ni maandishi matupu, kiasi kwamba unaweza kuifungua kwa programu ya kuandikia na kuyasoma maagizo yake.

Kwa ramani, aina hii ina faida kubwa. Tuseme mpaka wa wadi moja umechorwa kwa pointi 300, na kila pointi imeandikwa kwa herufi na tarakimu 12. Hizo ni 3,600. Wadi zote 10 zitahitaji kama 36,000, yaani takriban kilobaiti 36. Hiyo ni faili ndogo kuliko picha nyingi zinazopigwa kwa simu, na bado mtu anaweza kuikuza hadi aone kona ya mpaka.

Kwa nini simu nyingine hushindwa

Maagizo ni kitu kizuri mradi anayepokea anaelewa lugha yake. Programu inayofungua kurasa za mtandao huitwa kivinjari. Kivinjari kisichofundishwa SVG kikipewa maagizo hayo hakijui la kufanya, nacho huacha nafasi wazi.

Mgawanyiko huu ulianza zamani. Mwaka 1998 W3C ilipokea mapendekezo yanayoshindana kuhusu jinsi ya kuandika michoro ya vekta kwenye wavuti. Pendekezo moja, PGML, lilitoka kwa kundi lililokuwa na Adobe. Jingine, VML, lilitoka kwa kundi lililokuwa na Microsoft. SVG ilizaliwa baada ya hapo ili kuwe na lugha moja kwa wote, lakini kivinjari cha Microsoft, Internet Explorer, kiliendelea kutumia VML hadi toleo la 8. Kiliichora SVG chenyewe kuanzia toleo la 9, lililotoka Machi 2011. Toleo hilo la 9 nalo halikuweza kuwekwa kwenye kompyuta za Windows XP. Serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, Windows XP ilikuwa bado inahudumiwa na Microsoft. Huduma hiyo ilikoma Aprili 2014. Mtu aliyeketi mbele ya mashine kama hiyo kwenye saiba, akitumia kivinjari kilichokuja nayo, hakuweza kuona SVG.

Kwenye simu hadithi ilikuwa hiyo hiyo. Mwaka 2011 Wakenya wengi walipata simu yao ya kwanza ya skrini ya kugusa kupitia Huawei IDEOS, iliyouzwa na Safaricom kwa bei nafuu. Simu hiyo ilitumia Android 2.2. Kivinjari cha kawaida cha Android hakikuijua SVG hadi toleo la 3.0. Simu mpya za leo hazina tatizo hili. Hata hivyo, simu haitupwi kwa sababu kuna mpya dukani. Hupewa ndugu, huuzwa mitumba, hubadilishwa betri na kuendelea kufanya kazi. Na wapo wengi wanaotumia kabambe, yenye skrini ndogo na uwezo mdogo wa mtandao au isiyo na mtandao kabisa.

Mbinu nne za kuonyesha mchoro

Tangu miaka ya mwanzo, watengenezaji wa tovuti wametafuta njia za kumwonyesha mchoro mtu ambaye kivinjari chake hakiwezi kuuchora. Njia hizo zinaingia katika makundi manne.

1. Kumwongezea msomaji programu. Adobe ilitoa programu ya bure ya kubandikwa kwenye kivinjari ili kisome SVG. Ilifanya kazi vizuri, lakini msomaji alipaswa kuipakua na kuisakinisha mwenyewe, na Adobe iliacha kuihudumia mwanzoni mwa 2009. Mwaka huo huo Google ilitoa SVG Web, iliyotumia Flash kuchora SVG ndani ya Internet Explorer. Flash nayo ilizikwa mwishoni mwa 2020. Funzo ni kwamba taarifa ya umma haifai kutegemea programu ambayo mwananchi lazima aitafute kwanza, na ambayo mwenyewe anaweza kuifunga siku yoyote.

2. Kumtafsiria kivinjari maagizo. Ukurasa huuliza kwanza ni lugha gani kivinjari kinaelewa, kisha huandika maagizo kwa lugha hiyo. Mfano mzuri uko hapa Kenya. Jukwaa la Ushahidi, lililoundwa mwaka 2008 ili wananchi waripoti matukio ya ghasia za baada ya uchaguzi kwenye ramani, lilitumia maktaba ya ramani iitwayo OpenLayers. Toleo la 2 la maktaba hiyo lilijaribu SVG kwanza. Ikikosekana lilitumia VML, na hiyo ikikosekana lilitumia Canvas, ambayo ni mbinu ya kuchora moja kwa moja kwenye nukta za skrini. Aliyetazama ramani hakuhitaji kujua lolote kati ya hayo. Kasoro ya njia hii ni uzito wake. Inahitaji programu ndogo ipakuliwe pamoja na ukurasa, na simu yenye nguvu kidogo huchelewa au hukwama.

3. Kuchora kwingine na kutuma picha iliyokwisha. Seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, huchora ramani yenyewe na kumtumia msomaji picha ya nukta. Kivinjari cha Opera Mini, kilichopendwa sana na wenye simu ndogo kwa sababu ya kubana matumizi ya bando, hufanya kazi inayofanana na hiyo. Kikiwa katika hali ya kubana kabisa, ukurasa huandaliwa kwenye seva za Opera kisha hutumwa ukiwa umepunguzwa. Mchoro hufika umetulia. Kubofya wadi ili isome takwimu zake, au kuivuta ramani kwa kidole, mara nyingi hakufanyi kazi.

4. Kuweka picha ya akiba chini ya mchoro. Hii ndiyo rahisi kuliko zote. Mtengenezaji huweka SVG ndani ya alama ya ukurasa iitwayo object, na ndani yake huweka picha ya PNG ya ramani ile ile. Kivinjari kinachoelewa SVG huionyesha na kuipita PNG. Kisichoelewa huruka SVG na kuonyesha PNG. Picha hiyo nayo hupewa maelezo ya maneno, ili hata picha isipofika, maneno yasomeke.

Kwa ofisi ya umma, njia ya nne ndiyo ya kushika. Haihitaji programu ya ziada upande wa mwananchi, haitegemei kampuni yoyote, na mtu mmoja mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuandaa PNG kutoka kwenye faili ya ramani kwa dakika chache.

WhatsApp na barua pepe

Hata mwenye simu mpya hukutana na tatizo hili, kwa sababu taarifa nyingi hazisomwi kwenye tovuti. Husambazwa kwenye vikundi vya WhatsApp vya wadi, vya shule na vya misikiti na makanisa. Faili ya SVG ikitumwa huko hufika kama waraka, si kama picha, na wengi wanaoigusa huambiwa hakuna programu ya kuifungua. Huduma nyingi za barua pepe pia, ikiwemo Gmail, hazionyeshi SVG ndani ya ujumbe.

Sababu mojawapo ni usalama. Kwa kuwa SVG ni maagizo, mtu mwovu anaweza kuchanganya humo maagizo mengine ya kumpeleka msomaji kwenye ukurasa wa kuiba nywila. Kwa hiyo ukipokea faili yenye mwisho wa .svg kutoka kwa mtu usiyemjua, usiifungue. Na ofisi inayotuma ramani kwa WhatsApp itume PNG.

Kinachopotea picha inapobanwa

Kugeuza ramani ya vekta kuwa picha kuna gharama, na gharama hiyo haina budi kupangiwa. Mchoro wa vekta hukuzwa bila kikomo, lakini picha ya nukta ina kiwango kimoja tu cha undani. Chukua ramani inayoonyesha eneo la upana wa kilomita 240, ibane kwenye skrini ya kabambe yenye upana wa nukta 240. Kila nukta sasa ni kilomita nzima. Kisima, lambo na kivuko cha Waso Nyiro havionekani tena. Lakini ukikata ramani hiyo vipande, kila kipande kikawa na upana wa kilomita 60, kila nukta huwa mita 250. Kijiji kitaonekana, na barabara pia.

Kwa hiyo picha ya akiba isiwe ramani ya kaunti nzima iliyopunguzwa. Ziwe picha kadhaa, wadi kwa wadi, kila moja na majina makubwa ya kusomeka. Mwananchi wa Cherab apakue ya Cherab, asilipie bando la kutazama Burat.

Umuhimu wa jambo hili unaonekana zaidi kwenye ramani za malisho. Mwanzoni mwa muongo uliopita, wafugaji wa Isiolo walishirikiana na wataalamu kuchora rasilimali zao kwa kutumia Google Earth na OpenStreetMap. Wazee walionyesha malisho ya masika na ya kiangazi, visima, njia za mifugo na mahali pa chumvi, na ujuzi uliokuwa vichwani ukawa pointi, mistari na maumbo yenye vipimo. Kwa Waborana wa Waso, maarifa hayo ni ya jarsa dedha, wazee wanaosimamia eneo la malisho na kuamua lini mifugo iingie na lini isubiri. Eneo linaloachwa wakati wa mvua ndilo linalookoa mifugo wakati wa bona, yaani kiangazi.

Ramani ya aina hiyo ikifika nusu, inaweza kudhuru kuliko isingefika. Mstari wa mpaka ukionekana lakini maneno yanayosema eneo limetengwa kwa kiangazi yasionekane, mgeni ataona malisho mazuri yasiyo na mtu. Akiingiza mifugo, wenyeji watalalamika, na ugomvi utakuwa umeanzia kwenye faili ambayo haikufunguka. Maneno muhimu ya ramani yasibaki kwenye mchoro peke yake.

Hali ni hiyo hiyo kwa taarifa za ukame. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, NDMA, hutoa taarifa ya kila mwezi kwa kaunti za maeneo kame, Isiolo ikiwemo, yenye ramani za hali ya mimea na chati za mvua, bei na umbali wa kwenda majini. Kwenye kipimo cha mimea, alama ya chini ya 35 huonyesha upungufu, na chini ya 10 ni upungufu uliokithiri. Aliyeona rangi nyekundu anajua. Ambaye ramani yake imebaki nyeupe hajui kama wadi yake ni salama au iko hatarini. Na wapo wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani hata kwenye skrini bora.

Orodha ya ofisi inayochapisha ramani au chati

• Chapisha kwa matabaka matatu: SVG kwa wenye vivinjari vipya, PNG kwa wengine, na maelezo ya maneno kwa wote.

• Andika maelezo ya maneno kwa kila wadi. Muundo wake unaweza kuwa: jina la wadi, hali ya malisho, chanzo cha maji kinachofanya kazi, tarehe ya taarifa.

• Hakikisha ujumbe mkuu unaenea kwenye SMS moja ya herufi 160, ili mwenye kabambe asiachwe nyuma na msomaji wa redio awe na cha kusoma.

• Punguza tarakimu zisizo na kazi. Kwenye vipimo vya digrii, tarakimu 3 baada ya nukta hufika usahihi wa kama mita 110, na tarakimu 5 hufika kama mita 1. Ramani ya wadi ya kutazamwa kwa simu haihitaji tarakimu 8, ambazo huongeza uzito wa faili bure.

• Usitegemee rangi peke yake. Weka jina la kiwango juu ya eneo: kawaida, tahadhari, hatari, dharura.

• Andika tarehe ndani ya picha yenyewe. Picha ya WhatsApp husambazwa miezi mingi baada ya ukurasa wake kubadilishwa.

• Kabla ya kuchapisha, jaribu kwenye simu ya zamani kuliko zote inayopatikana ofisini, ukitumia mtandao wa simu badala ya Wi-Fi. Ramani ikikataa hapo, kazi haijaisha.

Mwananchi, ufanye nini

Ukiona nafasi tupu penye ramani, jaribu kwanza kuifungua kwa kivinjari kingine, mfano Chrome au Firefox, au sasisha kile ulicho nacho kama simu inaruhusu. Unapotumia Opera Mini, punguza kiwango cha kubana kwenye mipangilio kisha ufungue ukurasa tena. Ikishindikana, tafuta chini ya nafasi hiyo kiungo cha picha au cha maelezo ya maneno.

Bado hupati? Ni haki yako kuuliza. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zinazoshikiliwa na serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inataka taasisi ya umma, inapotoa habari zake, izingatie watu wenye ulemavu, gharama, lugha ya wenyeji na njia ya mawasiliano inayofaa zaidi katika eneo husika. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 nayo ina sehemu nzima kuhusu mawasiliano na wananchi. Habari iliyo mtandaoni lakini haifunguki kwenye simu za wakazi haijakidhi matakwa hayo.

Unapouliza, taja mambo manne: jina la ukurasa, aina ya simu yako, kivinjari unachotumia, na ulichokiona mahali pa ramani. Kwa maelezo hayo fundi atajua kama tatizo ni la simu, la mtandao au la ramani yenyewe. Anayeshindwa kuandika anaweza kumweleza msimamizi wa wadi au chifu, na kuomba nakala iliyochapishwa kwenye karatasi au isomwe barazani.